Besi ya pikapu moja au mbili? Soma hapa kabla hujatoa hela yako

Wiki iliyopita baada ya mazoezi ya kwaya kijana mmoja wa pale kwetu Ngarenaro alinifuata na simu mkononi, kwenye simu ana picha mbili za gitaa la besi, moja ina pikapu moja nyingine ina mbili, bei zimepishana kidogo tu. "Kaka, hii si ndo bora? Ina mbili." Hilo swali nimeulizwa mara nyingi sana, hapa Arusha na nikishuka Moshi pia, na kila mara namwona mtu anataka kutoa hela aliyoidunduliza miezi na miezi kwa kuhesabu tu vitu vilivyopachikwa kwenye mbao. Nilimjibu kwa kifupi maana daladala lilikuwa linaondoka, ila roho haikutulia, kwa hiyo leo nimekaa niandike yote hatua kwa hatua ili yeye na wengine waende dukani wakijua wanachokitafuta.

Pikapu ninayoisema ni kile kipande cheusi chini ya nyuzi. Ndani kuna sumaku na waya wa shaba mwembamba kama unywele umezungushwa maelfu ya mara. Uzi wa besi ni wa chuma, ukitikisika juu ya sumaku unazalisha umeme kidogo sana kwenye ule waya, umeme huo unapita kwenye jeki mpaka kwenye ampu, basi. Haisikii kama maiki inavyosikia. Inasoma chuma kinavyotikisika pale pale ilipo, na hilo neno "pale pale ilipo" ndo lishike mpaka mwisho wa mwongozo huu maana kila kitu kinarudi hapo.

Hatua ya 1: Sikia kwanza kwa masikio yako tofauti ya mahali

Hii huhitaji hata besi. Chukua gitaa lolote, hata lile kavu la kwaya ya vijana lenye nyuzi tano badala ya sita. Kwangua uzi mmoja karibu na pale shingo inapoishia, sikiliza. Sasa uzi ule ule kwangua karibu kabisa na daraja, yaani pale nyuzi zinapofungwa. Ya kwanza ni nene, ya mviringo, laini. Ya pili kavu, kali, nyembamba kama mtu anaongea kwa puani. Uzi ni ule ule, nguvu ya mkono ni ile ile.

Pikapu nayo iko hivyo hivyo. Ikikaa upande wa shingo inasoma uzi mahali unapoyumba kwa upana, unapata uzito. Ikikaa karibu na daraja pale uzi unayumba kidogo sana, kwa hiyo uzito unapungua na zile sauti ndogo ndogo za juu zinajitokeza, kila noti inasikika imekatwa vizuri. Ukishalielewa hili umeshajua nusu ya kazi, maana swali la moja au mbili kiukweli ni swali la unataka kusoma uzi kutoka wapi, na je unataka uwezo wa kuhama.

Hatua ya 2: Zijue aina utakazokutana nazo

Hata kama kichwa cha gitaa kimeandikwa jina usilolijua, karibu zote ni nakala ya michoro michache ya zamani ya Marekani. Mwaka 1951 Leo Fender alitoa Precision Bass, pikapu moja tu, na mwaka 1957 ile pikapu ikabadilishwa ikawa vipande viwili vilivyopishana, kimoja kinashika nyuzi mbili nene kingine nyuzi mbili nyembamba. Hapa wengi wanachanganyikiwa. Wanaona vipande viwili wanasema "pikapu mbili". Hapana, hiyo ni moja iliyokatwa katikati, utaijua kwa kuwa nobu zake ni mbili tu, volyumu moja na toni moja. Wapigaji wanaiita P.

Mwaka 1960 ikaja Jazz Bass, hii ndo ya pikapu mbili yenyewe, mbili ndefu nyembamba, moja upande wa shingo moja upande wa daraja, kila moja na volyumu yake, na toni moja ya wote. Hiyo ni J. Mwaka 1976 Music Man wakatoa StingRay, pikapu moja kubwa nene ya koili mbili (koili ni ule waya uliozungushwa), tunaiita hambaka, imekaa upande wa daraja na ina betri ndani. Baadaye watu wakachanganya, wakaweka P katikati na J moja karibu na daraja, hiyo ni PJ, na kwa wanaoanza ndo imejaa madukani sasa hivi, Ibanez GSR200 na Yamaha TRBX174 zote ni za mpango huo. Halafu kuna zenye hambaka mbili kama Yamaha TRBX304, ambayo nayo ina betri.

Kwa hiyo ukiambiwa "pikapu moja" uliza moja ya aina gani na imekaa wapi. P na StingRay zote zina pikapu moja lakini ukizisikia ni kama mbingu na ardhi.

Hatua ya 3: Jiulize unapiga wapi, na spika zipi

Hapa ndo nitakaa kidogo maana hapa ndo nilipoumia mwenyewe.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na J, naipenda kuliko kitu chochote. Chumbani kwangu Sakina nilikuwa na ampu ndogo, nafungua volyumu zote mbili mpaka mwisho, sauti inang'aa juu, chini kuna uzito, napiga peke yangu mpaka saa sita usiku. Tukapata kazi ya harusi Moshi, ukumbi mkubwa, watu wamejaa, spika mbili za inchi 15 na hamna sabu, ile spika kubwa ya sauti za chini. Wimbo wa kwanza ni rumba, nikaanza na mpangilio wangu ule ule wa chumbani. Besi haipo. Naona nyuzi zinatikisika, vidole vinaumia, ila sisikii kitu, mpiga kinanda mkono wake wa kushoto unanimeza, dramu inanimeza, mpiga solo ananigeukia anaonyesha sikio lake. Nikaongeza volyumu, nikaomba sauti za chini ziongezwe kwenye mikisa, spika zikaanza kukoroma na bado mstari wa besi hausikiki, ni ngurumo tu.

Tulipopumzika kupisha chakula, fundi mitambo, mzee mmoja mtaratibu sana, akapanda jukwaani hajasema neno. Akashika nobu ya pikapu ya daraja akairudisha nyuma kidogo kidogo huku mimi napiga uzi wa A peke yake, akafika nusu akaacha. Akarudi kwenye mikisa, akapunguza chini, akaongeza kati. Akanipungia mkono nipige. Aisee, besi ikatoka kifuani kwangu ikaenda mpaka kwenye meza ya wazee kule nyuma.

Baadaye ndo nikaja kuelewa alichofanya. Uzi ukitikisika haupandi wote kwa pamoja, una vipande, hapa unapanda pale unashuka kwa wakati mmoja. Pikapu mbili zikifunguliwa sawa, kwa baadhi ya sauti moja inasoma kupanda na nyingine inasoma kushuka, zikijumlishwa zinauana. Zinazokufa zaidi ni sauti za kati. Ukiwa peke yako chumbani huo upungufu unasikika mzuri, ni kama sauti imesafishwa. Ukiwa na bendi ni balaa, kwa sababu sikio la mtu linaifuata besi kupitia sauti za kati. Uzi wa E, ule mnene kuliko wote, ukipigwa mtupu unatikisika mara 41 hivi kwa sekunde, spika nyingi za makanisani kwetu hata haziwezi kuitoa hiyo sauti ya 41 vizuri, mnachokisikia nyie mliokaa kwenye mabenchi ni zile za juu yake, 82, 123 na kuendelea. Ukiziua hizo umejiua.

P haina huo mtego. Ina pikapu moja, iko katikati, sauti za kati zimejaa, ukifungua volyumu umeshamaliza, na kama fundi mitambo wenu ni kijana aliyeazimwa kutoka kundi la maombi bado utasikika. Ndo maana nawaambia watu wa kwaya kwamba kwa kanisa lenye spika mbili na mikisa ya chaneli nane pikapu moja ya P inafanya kazi kuliko mbili za gharama zaidi.

Sasa kwa upande wa muziki wenyewe. Kama ni rumba nzito na dansi la kizamani, lile la Msondo na Sikinde, besi inatembea polepole na inajaza, P inakaa pale kama imezaliwa pale, na kwenye J fungua ya shingo zaidi. Rege na zouk vile vile, tena funga toni kidogo. Sebene ya injili ni habari nyingine, pale besi inakata kata noti fupi fupi kwa kasi na kila noti lazima isikike imeanza wapi imeishia wapi, hapo pikapu ya daraja inasaidia sana, ukiwa na J au PJ unaiongeza wimbo unapopanda na unairudisha ukishuka. Kugonga kwa dole gumba kunapendeza na zote mbili wazi, Marcus Miller amejenga jina lake juu ya Jazz Bass ya 1977. Na mtu akikwambia pikapu moja ni ya wanaojifunza mwambie akamsikilize James Jamerson wa studio ya Motown ya Marekani, Precision ya 1962, pikapu moja, na tena alikuwa anakwangua kwa kidole kimoja. Jaco Pastorius naye alikuwa na Jazz Bass ya 1962 iliyotolewa freti (vile vyuma vya kwenye shingo), anaegemea pikapu ya daraja, na dunia nzima ikamsikia. Kwa hiyo hakuna upande ulio juu ya mwenzake.

Wenzangu wa KKKT mnaopiga pamoja na tarumbeta siku za sikukuu, kumbukeni tromboni zinakaa eneo lile lile la kati analokaa P, kwa hiyo hapo mpangaji wa muziki awapishe, mmoja akishika noti ndefu mwingine atembee. Pikapu haiwezi kuwatatulia hilo.

Hatua ya 4: Fikiria mngurumo wa umeme

Ile harusi haikuishia pale. MC akaomba ukimya kwa ajili ya sala ya chakula, ukumbi mzima kimya, na kwenye spika inasikika "zzzzzz". Ni besi yangu. Nikaharakisha kuzima volyumu, uso umewaka moto.

Sababu ni hii. Pikapu ya koili moja inadaka uzi, ila inadaka pia umeme wa kwenye jengo, umeme wetu unageuka mara 50 kwa sekunde na hiyo inasikika kama mvumo. Taa za tyubu, chaja za simu, stebilaiza, transfoma ya ampu, dima za taa za jukwaani, zote zinaongeza. Watengenezaji wa J wanajua hilo, ndo maana koili ya pili inazungushwa kinyume na sumaku yake inageuzwa, zikifunguliwa sawa sawa mvumo wa moja unaua mvumo wa nyingine. Ukipunguza moja, kama tulivyofanya kule Moshi, mvumo unarudi. Yaani dawa ya tatizo la kwanza ndo iliyoleta la pili.

P yenye vipande viwili iko kimya muda wote kwa sababu vile vipande vimegeuziana hivyo hivyo. Hambaka nayo iko kimya. PJ inabidi uielewe vizuri maana wauzaji hawakwambii, ukiwa kwenye P peke yake ni kimya, ukifungua J ya daraja mvumo unaingia, na hata ukifungua zote bado upo, kwa sababu ile J haina mwenzake wa kumgeuzia. Labda iwe ni J iliyotengenezwa na koili mbili ndani, zipo, uliza.

Kwa hiyo kama unapiga sehemu yenye umeme mzuri mngurumo usikutishe. Kama kanisa lenu lina tyubu kumi na mbili juu ya jukwaa na jenereta nyuma ya jengo, weka alama kubwa kwenye P au hambaka.

Na hapa niseme jambo la usalama. Kama mvumo unapungua ukishika nyuzi, hiyo ni kawaida, besi inahitaji tu kufunikwa vizuri ndani kwa utepe wa shaba ulioungwa na ethi. Lakini kama ukishika nyuzi na mdomo ukagusa maiki unapigwa shoti, hata ndogo ya kuwasha tu, chomoa kila kitu mwite fundi umeme, usipige hata wimbo mmoja zaidi. Hiyo ni ethi ya jengo na inaua watu. Nimeona vijana wanavaa kandambili ili "isiwapige" na ibada inaendelea, tafadhali msifanye hivyo, wazee wa kanisa waambieni ukweli jengo likaguliwe.

Hatua ya 5: Pima mkono wako

Fupi. Shingo ya J kule juu kwenye kichwa ni nyembamba, milimita 38 hivi, ya P kawaida ni 41 mpaka 44. Mwenye kiganja kidogo, na madada wa kwaya wengi wananiambia hivi, anajisikia nyumbani kwenye J hata kama sauti anayoitaka ni ya P. Suluhisho lipo, zipo PJ za bei ya chini zenye shingo nyembamba kama ya J. Urefu wa uzi kwa zote ni ule ule, inchi 34, kwa hiyo usiambiwe moja ni fupi.

Angalia pia dole gumba linaegemea wapi. Pikapu ndo kiti cha dole gumba. Kwenye mbili una viti viwili, kwenye moja una kimoja, na ukizoea kiti kimoja mkono unatulia.

Hatua ya 6: Betri au bila betri

Hili halihusiani na idadi ya pikapu ila litakuja tu ukiwa dukani. Besi yenye betri ya volti 9 ina kiongeza sauti ndani, unapata nobu za chini na juu, wakati mwingine na kati. Nzuri. Ila betri inaanza kulika pale unapochomeka jeki, hata kama hupigi, kwa hiyo ukizoea kuiacha imechomekwa kuanzia Jumamosi ya mazoezi mpaka Jumapili asubuhi, usishangae siku moja sauti inakwaruza katikati ya sifa. Chomoa kila unapomaliza. Na kama unakaa Kibosho au Marangu juu huko ambako hiyo betri mpaka ushuke mjini, weka ya akiba kwenye mfuko wa gitaa au chukua isiyo na betri.

Hatua ya 7: Siku ya kwenda kununua

Beba waya wako mwenyewe wa jeki unaojua ni mzima. Beba bisibisi ndogo. Beba wimbo wa kwaya yenu kwenye simu, ule mnaoupiga kweli, maana ukipiga vimistari vya kuonyesha ujuzi dukani kila besi inasikika nzuri. Kama unaweza nenda na mtu wa pili asimame mbali, wewe uliyeikumbatia besi unasikia na mbao kifuani, hausikii anachosikia msikilizaji.

Ampu iwekwe kati kwa kati, nobu zote za sauti katikati, kusiwe na eko wala nini. Muuzaji akikuongezea chini ili kukufurahisha mwombe kwa heshima arudishe, "mangi naomba niisikie yenyewe kwanza".

Sasa pima hivi. Kama ni ya pikapu mbili, funga ya daraja kabisa, acha ya shingo. Chukua bisibisi gusa taratibu juu ya pikapu, tok, tok. Usikie kwenye spika. Kisha geuza, funga ya shingo fungua ya daraja, gusa tena. Nimekutana na chalii wa Pasua ameuziwa besi ya mkononi yenye pikapu mbili na ya daraja ilikuwa imekufa kabisa, ameishi nayo nusu mwaka anadhani ile nobu ndo kazi yake ni kutofanya kitu. Alilipia mbili akapewa moja.

Halafu fungua zote mbili mpaka mwisho upige uzi wa E. Sauti ikibaki nene, hata kama imekuwa tofauti, sawa. Ikigeuka nyembamba ghafla, chini yote imetoweka kama inatokea kwenye simu, basi waya za pikapu moja zimeungwa kinyume. Sio ugonjwa wa kufa, fundi anageuza nyaya mbili kwa solda anamaliza, lakini itumie kushusha bei.

Kwa P, piga nyuzi zote nne kwa nguvu sawa. Kama mbili za upande mmoja zimelegea sauti, kipande kimoja kimezama chini sana au kina hitilafu. Kaza au legeza skrubu zake pale pale uone kama inarudi.

Zungusha kila nobu taratibu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ikikwaruza kidogo ni vumbi, kwa huku kwetu vumbi ni la kawaida, dawa ya kupulizia inasafisha. Ikikatika sauti kabisa sehemu moja, hiyo ni ya kubadilisha.

Kama ni ya mkononi na haina betri, kuna kipimo kizuri zaidi na fundi redio yeyote mwenye mita anakufanyia kwa dakika mbili. Volyumu mpaka mwisho, chomeka waya wa jeki, pima ncha na shina la jeki ya upande wa pili. P inasoma kama kilo omu 10 mpaka 12 hivi. J, pikapu moja moja ukiwa umeifunga nyenzake, inasoma karibu na 7, na zote mbili zikiwa wazi inashuka karibu na 4. Usishtuke inaposhuka, mbili zimeungwa sambamba, hesabu ndo inavyokuja. Ikisoma mia na kitu au mia mbili na kitu, koili imekatika ndani, unachokipima hapo ni nobu tu. Zenye betri usizipime hivi, majibu yake hayatakuwa na maana.

Mwisho, jina la kwenye kichwa. Majina makubwa yanabandikwa tu. Amini masikio, mita na shingo iliyonyooka. Kuuziwa mbuzi kwenye gunia huwa kunaanzia kwenye stika.

Hatua ya 8: Kata shauri

Nikwambie ninavyoona mimi, bila kuzungukazunguka.

Unapiga kwaya au timu ya sifa, spika za kawaida, fundi mitambo hana uzoefu: chukua P ya pikapu moja. Hela inayobaki usiirudishe mfukoni, nunua nyuzi mpya na waya mzuri. Nyuzi zilizokufa zinafanya besi ya milioni isikike kama ya plastiki.

Unapiga kila kitu, Jumamosi harusi ya rumba na bongofleva Njiro, Jumapili sebene, na utakuwa na besi moja tu miaka mitano ijayo: PJ. Ishi kwenye P, ile J ya daraja itumie kama chumvi.

J yenyewe nampendekezea mtu ambaye tayari anajua kusikiliza akiwa ndani ya bendi, ambaye yuko tayari kugusa nobu kila wimbo, au anayerekodi. Studio ile sauti yake iliyosafishwa katikati inapendeza sana maana kila chombo kinapewa nafasi yake taratibu. Mimi baada ya ile harusi sikuiuza J yangu, hapana, naipiga bendi mpaka leo. Kanisani nimenunua P.

StingRay na ndugu zake, nzuri kwa anayegonga na anayetaka ukali, ila ukiipata ya nakala isikilize kwa makini kwenye uzi wa G, ule mwembamba kuliko wote, nyingi sauti ya uzi huo inakuwa nyembamba.

Na kama hela yako inatosha ama ya pikapu mbili ya ovyo ama ya pikapu moja ya maana, hapo hata usiniulize. Mtengenezaji wa bei ya chini akilazimika kuweka pikapu mbili na nobu tatu au nne, anabana mahali pengine, na mara nyingi anabana kwenye freti na vikazia nyuzi, vitu vitakavyokutesa kila siku.

Hatua ya 9: Ukishafika nayo nyumbani

Usiiache ilivyotoka dukani. Bonyeza uzi freti ya mwisho kabisa, angalia nafasi kati ya uzi na pikapu, iwe kama milimita 2 upande wa nyuzi nyembamba na karibu 3 upande wa nene. Ikikaribia sana sumaku inauvuta uzi na noti inayumba, ikiwa mbali sauti inakuwa dhaifu. Kwenye mbili, ya daraja ipandishe kidogo kuliko ya shingo, kwa sababu pale uzi unatikisika kidogo, ili ukihama kutoka moja kwenda nyingine sauti isianguke.

Kisha nenda kanisani au ukumbini siku ya mazoezi kabla wenzako hawajafika, mtu akae benchi la nyuma, wewe zungusha nobu polepole mpaka akwambie hapo. Chukua rangi ya kucha, ya dada au ya mama, weka nukta ndogo kwenye nobu na nyingine kwenye mwili wa gitaa zikutane pale pale. Mimi ya kwangu ina nukta mbili, nyekundu ya rumba na nyeupe ya sebene, na hata umeme ukikatika tukawasha jenereta gizani naziona kwa tochi ya simu.